Saa ya GPS, kitochi, kishikwambi au kadi za picha? Ulinganisho wa vifaa vya kumsaidia mwenye ulemavu wa akili nyumbani

Swali ninaloulizwa zaidi na jamaa wa Unguja na Pemba ni hili: "Ile saa ya GPS, nimnunulie mwanangu?" Wanakusudia saa ya mkononi inayokuonesha kwenye simu yako mvaaji yuko wapi. Wengine wanauliza kwa ajili ya mama aliyeanza kusahau, wengine kwa ajili ya kaka aliyepata kiharusi akabaki hajui tena mpangilio wa siku. Mimi huwauliza kwanza: mambo yanaharibika saa ngapi? Anasahau dawa asubuhi? Anatoka nje alasiri watu wakiwa wamejilaza? Anapiga kelele wakati wa kula kwa kuwa hawezi kusema anachokitaka? Kila tatizo lina kifaa chake. Kifaa kilichonunuliwa kwa sababu tu kimeonekana kwa jirani mara nyingi huishia kabatini.

Naandika haya kama mtu anayeishi na mdogo wake mwenye ulemavu wa akili tangu kuzaliwa, na ambaye majirani humletea vifaa vyao wavitazame pamoja. Mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani lilitoa orodha ya vifaa saidizi 50 ambavyo kila nchi inahimizwa kuvipatia kipaumbele. Humo mna kifaa cha GPS na programu ya mawasiliano, na mna pia kisanduku cha kupangia vidonge, kadi za picha, kinasa sauti na simu iliyorahisishwa. Vyote vimo katika orodha moja, cha bei ndogo na cha bei kubwa. Na mimi nitavilinganisha hivyo hivyo, kwa kazi vinavyofanya na siyo kwa upya wake.

Kwanza kila kifaa nakipitisha kwenye maswali yanayotuhusu sisi wa visiwani. Umeme ukikatika, kitaendelea? Unguja inaletewa umeme kutoka bara kwa waya uliolazwa chini ya bahari. Uliposhindwa mwaka 2008 kisiwa kilikaa gizani karibu mwezi mzima, na ukashindwa tena kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010. Pemba nayo iliunganishwa na Tanga mwaka 2010. Siku hizi hali ni afadhali mno, lakini umeme kukatika kwa muda wa saa mbili tatu bado ni jambo la kawaida, na tukuza, ule umeme wa kulipia kabla, huisha usiku wakati hakuna wa kwenda kununua. Bando likiisha, je? Na je, kinasema Kiswahili?

Kumkumbusha

Hapa ndipo wengi wanapohitaji msaada, na ndipo pesa nyingi zinapopotea bure.

Kitochi, ile simu ndogo ya vitufe, kina kengele, sauti yake ni kubwa, na chaji yake hukaa siku kadhaa. Upungufu wake ni kwamba kengele inalia tu, haisemi inalilia nini. Mtu anaizima na kuendelea na alichokuwa akifanya. Kinamfaa mwenye jambo moja tu la kukumbushwa kwa siku, akazoea kwamba mlio ule maana yake ni kwenda kumchukua mtoto skuli, basi. Ukimwekea kengele nne, zote zinakuwa kelele.

Simu janja inaizidi kitochi kwa kitu kimoja chenye thamani kubwa: unaweza kuweka sauti ya mtu badala ya mlio. Unafungua kinasa sauti cha simu, unarekodi, kisha unachagua rekodi ile iwe sauti ya kengele. Hakuna bando linalohitajika wala mtandao. Nyumbani kwetu sauti ni ya mama. Saa moja na nusu usiku simu inasema: "Mwanangu, kidonge cheupe. Kimoja. Na maji." Mdogo wangu huitikia "labeka mama", huinuka, huenda kwenye kisanduku. Angeambiwa na mlio wa kiwandani asingeinuka. Sentensi iwe fupi, jambo moja kwa rekodi moja, na asemaye awe yule ambaye mhusika humsikiliza bila kubishana. Kwa mzee anayesahau, sauti ya mtoto wake wa kwanza mara nyingi hushinda sauti ya mjukuu, kwa kuwa mjukuu huenda hamkumbuki tena.

Angalia pia saa inavyoonekana kwenye kioo. Mtu aliyejifunza kwa taabu kwamba saa moja ni wakati wa chai anatazama simu imeandika 07:00. Anachanganyikiwa, na ana haki ya kuchanganyikiwa. Usimfundishe hesabu ya pili. Ficha saa ya kioo, weka picha ya kikombe cha chai kwenye kengele ile. Na tumia kilichokwishakuwemo maishani mwake, nacho ni adhana. Kwa kuwa tuko karibu na ikweta, nyakati za sala hazihami sana mwaka mzima, kwa hiyo kengele iliyowekwa muda mfupi baada ya magharibi inakwenda na adhana bila kubadilishwa mara kwa mara. Adhana inamwandaa, rekodi inamwambia afanye nini. Ramadhani ikiingia ratiba nzima inapinduka, basi kaa na simu usiku wa kuamkia mfungo, uzipange kengele upya za futari na daku.

Kuna spika janja, zile za kuziuliza kwa mdomo, kama Alexa. Ndugu walio Uingereza au Dubai hupenda kuzileta kama zawadi. Kwa nyumba nyingi za hapa, siishauri. Alexa haina Kiswahili miongoni mwa lugha zake. Inataka umeme saa zote na intaneti ya nyumbani saa zote. Na inategemea mtu aikumbuke na kuiita kwa jina lake kwanza, jambo ambalo ni gumu kwa yule yule aliyenunuliwa spika hiyo kwa sababu anasahau. Kama shida ni sauti ya simu kuwa ndogo, spika ya kawaida ya Bluetooth yenye betri inatosha. Mwenye intaneti ya uhakika mjini na mgonjwa aliyezoea Kiingereza kazini maisha yake yote, huyo anaweza kuijaribu.

Dawa

Kisanduku cha siku saba ni cha bei ndogo na kinafanya kazi gizani. Vingi vimeandikwa herufi za Kiingereza na vinaanza na Jumapili. Futa, bandika karatasi zako, anza na Jumamosi kama wiki yetu inavyoanza. Kwa asiyesoma, bandika jua kwa dawa ya asubuhi na mwezi kwa ya usiku.

Mashine ya dawa ni sahani iliyofungwa kwa ufunguo, mara nyingi ina vyumba 28. Inazunguka yenyewe kwa saa uliyoipangia, inalia mpaka vidonge vimiminwe. Inamfaa mtu mmoja hasa: yule anayekunywa, anasahau kwamba amekunywa, anarudia. Kwa huyo kisanduku cha wazi ni hatari, na mashine inastahili bei yake. Kwa anayesahau kunywa tu, kisanduku pamoja na rekodi ya sauti vinatosha.

Jambo moja ambalo wauzaji hawalisemi: baadhi ya vidonge vya kifafa, kama vya sodiamu valproeti, huvuta unyevu. Katika masika yetu, kidonge kilichotolewa kwenye karatasi yake na kukaa wazi wiki nzima kinaweza kuharibika. Kata karatasi pamoja na kidonge chake, ukiweke hivyo hivyo katika chumba cha kisanduku, na muulize mfamasia kabla ya kupanga chochote. Dawa za kifafa hazikatizwi ghafla, kwa hiyo na mpango wa Ramadhani uongee na daktari mapema, kabla mwezi haujaandama.

Kupotea

Hili ndilo linalowanyima watu usingizi, na ndilo linalouzwa kwa ahadi kubwa kuliko zote. Nimeviweka vifaa vinne pamoja ili tofauti ionekane:

| | Saa ya GPS | Kipachiko cha Bluetooth | Kengele ya mlango | Bangili yenye namba ya simu |
|---|---|---|---|---|
| Kinakwambia nini | Yuko wapi | Kilionekana wapi mara ya mwisho | Anatoka sasa hivi | Humwambia aliyemwona ampigie nani |
| Kinahitaji nini | Laini, bando, chaji | Simu za watu wengine karibu naye | Betri ndogo | Hakuna |
| Chaji | Siku moja au mbili | Karibu mwaka kwa baadhi | Miezi mingi | Haina |
| Kinashindwa wapi | Ndani ya nyumba, vichochoroni, bando likiisha | Shamba na vijijini | Aliyekwisha toka | Penye watu wasiojali |

Saa ya GPS inasikiliza satelaiti, inapiga hesabu ya mahali ilipo, kisha inatuma jibu kwa laini iliyomo ndani yake. Panapoonekana mbingu hukosea kwa mita chache tu. Mji Mkongwe ni habari nyingine: vichochoro ni vyembamba, kuta za mawe ni ndefu, mawimbi yanagonga ukuta na kurudi, na kile kidoto kwenye ramani kinaruka kutoka uchochoro mmoja hadi mwingine. Akiingia ndani ya nyumba saa nyingi hugeukia minara ya simu au Wi-Fi zilizo karibu. Ikitegemea mnara peke yake, kosa huwa la mamia ya mita, na mashambani ambako minara iko mbalimbali, zaidi ya hapo.

Kisha kuna suala la muda. Ili chaji ikae, saa nyingi hupangwa kutoa taarifa kila baada ya dakika 10 hivi. Mtu mzima anayetembea kwa mwendo wa kawaida huenda karibu mita 800 kwa muda huo. Pima sasa, kutoka mlangoni kwako hadi dikoni ni mita ngapi? Kwa nyumba za Nungwi, Jambiani au Mkoani, au nyumba yoyote yenye kisima karibu, taarifa kwamba "ametoka nje ya mpaka" inaweza kufika akiwa keshagusa maji. Na watoto wengi wenye usonji huvutwa na maji.

Ndiyo maana naiweka kengele ya mlango mbele ya saa. Ni vipande viwili, kimoja kwenye fremu na kimoja kwenye ubao, kimojawapo kina sumaku. Mlango ukifunguka vinaachana, kengele inalia pale pale jikoni ulipo. Hakuna laini, hakuna bando, hakuna Wi-Fi kwa zile za kawaida. Nunua za milango yote, na ule wa uani usisahauliwe, kwa sababu huo ndio unaotumika. Ziweke juu asikofikia mtoto. Usiibadilishe kengele kwa komeo la nje: mtu aliyefungiwa ndani na moto ukatokea hana pa kukimbilia.

Saa inakuja baada ya hapo, kwa yule anayependa kutembea na anayestahili kutembea. Kuna mambo mawili ya kwetu ambayo maelezo ya sandukuni hayana. La kwanza ni udhu. Maji lazima yafike kwenye ngozi, kwa hiyo saa inavuliwa, inawekwa juu ya ukingo wa bomba la msikiti, na mwenyewe anaondoka. Kwa anayesahau, hilo halikosi kutokea. Kwa hiyo kabla ya saa ya mkononi tazama kifaa cha GPS cha shingoni au kidogo cha kuwekwa mfukoni. Kwa mwanamme mfuko wa ndani wa kanzu ulioshonewa zipu unafaa, kwa mwanamke upande wa ndani wa buibui. Ukibaki na saa, chagua yenye alama ya IP67 au zaidi. Hiyo maana yake imepimwa kukaa ndani ya maji ya mita moja kwa dakika 30.

La pili ni hewa ya bahari. Nyuma ya saa hizi kuna vijipini viwili au vinne vya kuchajia. Jasho na chumvi huviotesha kutu ya kijani, chaja inashika lakini umeme haupiti, na asubuhi saa imezimika wakati umelala ukidhani inachaji. Futa vijipini kila siku kwa kitambaa kikavu, na hakikisha asilimia ya chaji imepanda kabla hujaondoka.

Kipachiko cha Bluetooth, kama AirTag iliyotoka 2021, hakina GPS kabisa. Kinatoa mlio wa redio unaosikiwa na simu za iPhone zinazopita karibu, na simu hizo ndizo zinazopeleka habari. Forodhani jioni, au kwenye ufukwe wenye hoteli, iPhone zimejaa na utakiona. Vijijini kama Micheweni au Kengeja, kidoto kitabaki pale alipopitwa na iPhone ya mwisho, huenda jana. Na kimetengenezwa kwa ajili ya vitu. Kitundike kwenye mkoba wake au funguo, hapo kinasaidia mtu anayepoteza vitu. Roho ya mtu usiitegemeze juu yake.

Kwa kijana anayesafiri peke yake na simu janja mkononi huhitaji kununua kitu. WhatsApp ina kushiriki mahali ulipo moja kwa moja, kwa muda wa hadi masaa 8. Anabonyeza akiingia daladala, unamwona akishuka. Kijana anayejua kwamba gari yake ni 505 na kwamba akikosea anaweza kuonekana, anapata ujasiri wa kwenda. Kifaa kikimwezesha mtu kutoka, hapo ndipo kinapofanya kazi yake bora.

Bangili au kadi ya shingoni watu huidharau. Iandikwe namba mbili za simu na maneno "tafadhali piga". Jina si lazima, maana mtu mbaya akilijua jina humwita nalo. Kisha umtembeze: mpeleke kwa sheha, kwa makonda wa kituo chenu, kwa wazee wanaokaa barazani, kwa muuza duka. Waambie anaitikiaje na anaogopa nini. Baraza ya Ng'ambo iliyojaa watu wanaomjua itamwona kabla ya satelaiti.

Kuna kazi moja kwenye saa nyingi za bei ndogo ambayo naipinga waziwazi: ile ya kumpigia mtu kimyakimya na kusikiliza yanayosemwa karibu naye bila yeye kujua. Oktoba 2017 Baraza la Wateja la Norwei lilionesha kwamba katika baadhi ya saa za watoto mtu wa nje aliweza kuingia na kujua mtoto yuko wapi. Novemba mwaka huo huo mamlaka ya mawasiliano ya Ujerumani ikapiga marufuku saa za watoto zenye kusikiliza kwa siri. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, ambao Tanzania iliuridhia 2009, unalinda faragha ya mwenye ulemavu katika kifungu cha 22. Haki hiyo haipungui kwa sababu mtu hawezi kusoma. Chagua saa isiyo na kazi hiyo au izime, badilisha nenosiri lililokuja nalo, na mwambie mwenyewe saa inafanya nini. Tumia picha: huyu wewe, huyu mama, ukipotea mama anakuona hapa. Akikataa kuivaa leo, muulize tena kesho. Ukimvisha kwa nguvu, ataivua siku ile ile unayoihitaji.

Sababu hiyo hiyo inanifanya nisiweke kamera ndani. Nyumba zetu zina sitara yake, wanawake wamo ndani bila mitandio, na picha za kamera nyingi za siku hizi zinahifadhiwa kwenye mitambo ya kampuni nchi za mbali. Kengele ya mlango inakwambia mlango umefunguka, haikuoneshi nani amevaa nini.

Kusema anachokitaka

Asiyeweza kusema vizuri hupewa kadi za picha au kishikwambi chenye programu ya vitufe vya picha vinavyotoa sauti. Wazazi wengi wanataka kuruka moja kwa moja kwenye kishikwambi, na wengine wanaogopa vyote viwili wakidhani mtoto ataacha kujaribu kusema. Hofu hiyo ya pili iondoke: utafiti wa miaka mingi haujaonesha kwamba kutumia picha kunazuia usemi, na baadhi ya watoto huanza kusema zaidi.

Anza na kadi. Njia ya kubadilishana picha, ambayo Andy Bondy na Lori Frost waliibuni Marekani mwaka 1985, ina jambo moja la msingi: mtoto anakupa kadi mkononi, wewe unampa kitu. Ndipo anapoelewa kwamba mawasiliano ni kati ya watu wawili. Kishikwambi mtoto anaweza kukibonyeza peke yake bila mtu karibu na kikaimba, akakifanya mchezo.

Picha ziwe za vitu vyake. Kikombe chake cha bati, choo chenu chenye ndoo ya buluu, daladala yenye namba yake mbele, bibi yake akiwa na kanga. Picha za kuchora za kigeni, zenye mkate wa mraba na nyumba yenye theluji, zinamtaka mtoto ajue kwanza ulimwengu mwingine. Piga kwa simu, chapisha studio ya picha, piga laminesheni, tia pete kwenye kona. Kadi ikianguka baharini unaipangusa tu.

Kishikwambi kinazidi pale ambapo maneno yamekuwa mengi kuliko kadi zinazobebeka, na pale mtu anapotaka kusikiwa na asiyemtazama. Rekodi maneno mwenyewe kwa Kiswahili cha kwenu, cha Makunduchi kiwe cha Makunduchi, na sauti iwe ya mtu wa umri wake: kijana wa miaka 17 asisemewe na sauti ya mtoto. Usihamishe vitufe mahali pake, maana wengi wanakumbuka kwa mkono kabla ya jicho. Funga kioo kwenye programu ile ile, Android ina njia ya kubandika programu asiweze kutoka bila namba ya siri, vinginevyo ndani ya dakika tano yuko kwenye video. Na kadi zisitupwe. Chaji itaisha gari ikiwa katikati ya safari ya Chake kwenda Wete, na hapo atahitaji kusema "choo".

Simu yenyewe

Kwa mzee anayesahau, kitochi alichokizoea kinashinda simu yoyote mpya. Ugonjwa wa kusahau hula kwanza yaliyojifunzwa karibuni. Weka namba za kupiga kwa kubonyeza tufe moja, bandika picha ndogo ya mtoto wake juu ya tufe lile.

Kwa kijana, Android ni nafuu, ina menyu ya Kiswahili, na baadhi ya aina, kama Samsung, zina hali rahisi yenye alama kubwa. Kuandika kwa kusema kwa Kiswahili kumekuwepo kwenye kibodi ya Google tangu 2017, lakini mwenye ulimi mzito mara nyingi haeleweki na mashine na hukasirika. Ujumbe wa sauti wa WhatsApp unamfaa zaidi. iPhone, tangu mfumo wa iOS 17 wa mwaka 2023, ina mpangilio maalumu kwa wenye ulemavu wa akili: vitufe vichache vikubwa, na wewe unachagua nani anaweza kupigiwa. Ni mzuri kuliko wote niliouona. Tatizo ni bei. Ndugu akikuletea iliyotumika, iwe ya aina ya XR au XS ya 2018 au mpya zaidi, za nyuma ya hapo haziupokei mfumo huo.

Pesa za simu zisikae kwenye laini hiyo. Ujumbe wa "ile pesa itume kwenye namba hii" unawapata wenye akili timamu, seuze aliyefundishwa kutii.

Kama pesa ni kidogo

Nyumba yenye mtoto anayetoka mbio: kengele za milango kwanza, bangili pili, na GPS mfuko utakaporuhusu. Mwenye kifafa au dawa za kila siku: kisanduku na rekodi ya sauti kwenye simu iliyopo. Asiyesema: kadi, na kishikwambi asipewe hadi kadi zimekuwa nyingi. Mzee anayeanza kusahau: usingoje, kifaa chochote kiingie mapema angali anajifunza. Bibi wa miaka 70 anayetegemea pensheni jamii, ile iliyoanza 2016 kwa shilingi 20,000 kwa mwezi na baadaye ikaongezwa, asibebeshwe bando la saa kila mwezi. Watoto waamue nani analipa kabla ya kununua, maana saa isiyo na bando ni pambo.

Kabla ya kutoa pesa zungumza na mwalimu wa elimu mjumuisho wa skuli yenu, au na ZAPDD, jumuiya ya watu wenye ulemavu wa akili hapa Zanzibar. Wazazi wa huko wamekwishavaa viatu vya tatizo lako na watakwambia wanachotumia wao. Laini ya kifaa isajiliwe kwa alama za vidole za mtu mzima atakayekuwepo, siyo za kijana anayerudi chuo bara mwezi ujao.

Ukifika dukani Darajani au Mlandege, nenda na laini yako mfukoni. Iingizwe kwenye saa pale pale, iunganishwe na simu yako, toka nje hadi barabarani ukiwa umeivaa na mwenzako abaki dukani akitazama ramani kwenye simu yako. Uliza inatumia 2G peke yake au na 4G, chaja yake ya ziada inapatikana wapi, na mkanda ukikatika nani anao. Jaribu kubonyeza tufe la dharura ukiwa mbali uone inachukua muda gani kupiga. Muuzaji akikwambia lipa kwanza utajaribu nyumbani, mrudishie saa yake uende duka la pili.